Panga vyambo vyako kwa kina cha maji, rangi baadaye

Swali ninaloulizwa sana na ndugu wanaoanza kuvua besi mdomo mdogo (samaki wa mtoni, kwa Kiingereza smallmouth bass) kwa vyambo vya manyoya, yaani ndoana zilizofungwa manyoya kwa uzi, ni hili: rangi gani inakamata? Mimi huwarudishia swali: samaki yuko juu, katikati au chini? Navua mto Susquehanna, hapa Pennsylvania, Marekani. Ni mto mpana wenye miamba mingi. Hapa maji yanakufika magotini, hatua chache mbele yanakufika kifuani. Chambo kizuri kikipita mahali ambapo samaki hayupo, umeosha manyoya tu.

Kwa hiyo sanduku langu lina sehemu tatu, na sehemu ya chini ndiyo kubwa kuliko zote. Besi huyu anapenda mno kamba wa mtoni, wale wenye magando wanaojificha chini ya mawe. Weka vyambo vya kahawia na kijani cha zeituni, ndoana namba 4 na 6, vyenye uzito wa kuvizamisha. Chambo kiitwacho Woolly Bugger hakikosi humo. Kilibuniwa humu humu Pennsylvania na Russell Blessing miaka ya 1960, na sijaona chambo rahisi kukifunga kinachofanya kazi nyingi hivyo: cha kijani kikiburutwa polepole samaki hudhani ni kamba wa mtoni, cheusi hudhani ni ruba au yule buu mkubwa wa majini mwenye meno. Ukiniambia nichague kimoja, naondoka na hicho.

Katikati ni mahali pa samaki wadogo, tuseme dagaa wa huku. Hapo mfalme ni chambo kiitwacho Clouser Deep Minnow. Bob Clouser alikibuni katika miaka ya 1980 kwa ajili ya besi wa mto huu huu. Ujanja wake uko kwenye macho ya chuma yaliyofungwa upande wa juu wa ndoana: uzito unakigeuza chambo, ncha inatazama juu, na hakinasi kwenye mawe ovyo. Vuta mshipi, tulia, kiache kizame. Mara nyingi anakipiga wakati kinazama, kwa hiyo usiuachie mshipi ulegee kabisa.

Macho hayo ndiyo yanayovuruga watu. Vyambo viwili vinafanana kama mapacha, lakini kimoja kina macho ya nusu gramu na kingine ya gramu moja. Dawa yake ni uzi: malizia vizito kwa uzi mwekundu, vyepesi kwa mweusi. Ukiwa mtoni utajua bila kupima kwa kiganja. Ukinunua dukani, tia tone la rangi ya kucha kwenye kichwa. (Omba ruhusa kwa mwenye rangi.)

Sehemu ya juu ni ya popa, vyambo vya kuelea, zile za sponji au mbao laini zinazobwabwaja juu ya maji. Ndizo zinazofurahisha kuliko zote, na ndizo watu wanazonunua kupita kiasi. Maji yakiwa baridi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ziache nyumbani. Zinataka maji ya joto, asubuhi mapema au jioni. Chache zinatosha. Ziweke kwenye kisanduku chenye kina, kwa sababu miguu yao ya mpira ikibanwa inapinda na haikai sawa tena. Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti, ongeza vyambo vyeupe vidogo visivyo na uzito: jioni wadudu weupe huibuka mtoni kwa wingi, na besi aliyekwisha kuwazoea anaweza kuidharau popa yako.

Rangi sasa: maji safi, rangi za asili; maji ya matope baada ya mvua, nyeusi au kijani-njano kinachowaka. Basi.

Ukirudi nyumbani usifunge sanduku likiwa na unyevu. Acha wazi usiku kucha, maana ndoana moja ikishika kutu inaambukiza jirani zake. Bana pia vile vimiba vya ndoana kwa koleo kabla hujavipanga. Ndoana itatoka upesi mdomoni mwa samaki, na kwenye sikio lako pia.