Eko ya nini na mzee yuko fiti?
Umeuliza mbona mzee anaitwa eko (kile kipimo cha moyo cha ultrasound) kila mwaka wakati kawekewa valvu ya aota (kile kimlango damu inapotokea moyoni kwenda mwilini) iliyotolewa kwa mtu aliyefariki na ngazi anapanda freshi tu. Dada yangu, zile valvu daktari wa upasuaji Donald Ross aliziweka London tangu 1962, uzuri wake hutumii warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote kama ya chuma, ila miaka ikienda zinakakamaa au zinavuja na mtu hasikii kitu mpaka moyo umeshatanuka. Eko ndo inaona mapema damu inarudi nyuma kiasi gani, presha kabla na baada ya valvu inapishanaje, chemba ya kushoto ya moyo imeanza kutanuka au la. Ripoti ya kwanza baada ya oparesheni msiipoteze aisee, zote zinazofuata zinalinganishwa na hiyo.