Usifute akaunti, mkuu: yaliyonikuta mimi

Mleta mada umeuliza mambo mawili: ufute akaunti zote za mitandao ya kijamii au ubaki nazo, na sisi wa enzi za blogu tuliwezaje kuandika bila kushinda mtandaoni. Naanza na la pili, maana humo ndimo nilimopata jibu la la kwanza.

Nilifungua blogu 2007 nikisoma Morogoro. Mpiga picha Issa Michuzi alishaanza blogu yake tangu 2005 na kila mwenye kamera alitaka kuwa Michuzi. Mwanablogu Ndesanjo Macha naye, kupitia blogu yake ya Jikomboe, alishatuonyesha kwamba blogu inaandikika kwa Kiswahili na watu wakasoma. Mimi sikuwa na kamera wala kompyuta. Niliandika kwenye daftari, Jumamosi naenda kafe ya intaneti ya Msamvu na shilingi 1,000 yangu, saa moja. Mkongo wa SEACOM, ule wa intaneti wa baharini, ulikuwa bado kutua Dar (ulikuja 2009), kwa hiyo kurasa zilifunguka kwa hisani ya setilaiti. Ukipandisha picha moja, unatoka kununua muhindi wa kuchoma, unarudi unaikuta nusu! Basi ukikaa kwenye kiti unajua kilichokuleta: chapa, bandika, soma maoni, jibu, kijana wa kaunta anakugonga bega. Wasomaji wangu hawakuzidi thelathini, ila niliwajua kwa tabia. Mmoja alikuwa Muscat, kila wiki alinisahihisha Kiswahili bila huruma, na kama yupo humu namsalimu.

Watu wanasema siku hizo tulikuwa na nidhamu. Nidhamu ipi? Kafe ndiyo iliyokuwa inatufukuza.

Nilipopata simu ya kupangusa, wa kunifukuza akakosekana. Wengi wanasema blogu zao ziliuawa na kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni za 2018, zile za leseni ya milioni moja kwa mwaka, na kuna ambao ni kweli kabisa. Yangu ilikuwa maiti tangu 2014, tusisingiziane. Muda wangu ulikuwa makundini WhatsApp: la ukoo, la kikoba, la kamati ya harusi ambayo maharusi wana mtoto chekechea na kundi bado lipo. Siku moja mama ananisimulia jambo, mimi macho kwenye kioo, naitikia "ehee, ehee". Akanyamaza. Nikasema tena "ehee". Akaniambia, "Nilishamaliza, mwanangu."

Usiku ule nikafuta kila kitu. Nilikaa wiki tano. Ndani ya hizo wiki tano jirani alifiwa, tangazo likapita kwenye kundi la mtaa, mimi nikapata habari watu wameshatoka makaburini. Kwenda kutoa pole siku ya tatu, unaeleza ulikuwa "unapumzika mtandao", jaribu uone utakavyotazamwa.

Kwa hiyo nilirudi, ila nikaijenga kafe yangu mwenyewe. Data nawasha saa saba mchana na saa moja jioni, kila mara nusu saa, na kabla ya kuwasha naandika kwenye karatasi ninachokwenda kufanya. Makundi yote nimeyanyamazisha isipokuwa la mtaa, lile la misiba na maji kukatika. Tiki za bluu nimezima, zilinigombanisha na shemeji. Niliwaambia wote: la haraka nipigie. Wanaopiga ni wachache kuliko nilivyodhani, na wengi wao wanaulizia bei ya mbegu. Simu inalala sebuleni.

Daftari nalo limerudi. Makala moja kwa mwezi, ikizidi ni mbili, nazituma kwa baruapepe kwa watu kumi na wanane walioomba wenyewe.

Tahadhari moja: mimi nina duka langu la pembejeo, hakuna wa kunituma. Kama bosi wako anagawa kazi WhatsApp saa nne usiku, hizi saa zangu hazitakufaa. Kwako ningeanza na kulaza simu sebuleni tu, na ununue saa ya mezani, maana kisingizio cha kwanza kitakuwa alamu.