Udalali wa Ndege za Kukodi: Nianzie Wapi?

SWALI: Nina umri wa miaka 26 na ninauza tiketi za ndege katika ofisi ya usafiri mjini Kisumu. Mara kwa mara huja wateja wanaotaka kukodi ndege nzima, hasa familia zinazosafirisha maiti kutoka Nairobi, nami huwaelekeza kwingine nikabaki mikono mitupu. Je, naweza kuwa dalali wa ndege hizo bila kumiliki hata moja?
Msomaji, Kondele

JIBU: Unaweza, ndugu yetu, ingawa jina lenyewe la dalali limechafuliwa na wauza ploti, nawe utalazimika kulisafisha kwa kila mteja. Dalali humtafutia mteja ndege inayomfaa, akapata kamisheni au faida iliyo ndani ya bei. Asichoruhusiwa ni kujifanya mwenye shirika. Kabla hujapokea shilingi ya mtu, omba nakala za bima ya ndege, za cheti cha uendeshaji na za leseni ya huduma za anga ambazo shirika hupewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kisha usome tarehe zake za mwisho. Mteja naye umwambie waziwazi ni shirika gani litakalomsafirisha.

Kinachowaangusha wengi ni bei. Ndege nyingi ndogo za kukodi hulala uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa hiyo mteja wako akitaka kutoka Kisumu kwenda Lodwar, ndege itakuja tupu kumchukua, imfikishe, kisha irudi Wilson, pengine tupu tena, na saa hizo zote hulipiwa, pamoja na ada za kutua, muda wa kusubiri, na malazi ya marubani safari ikilala. Ukimtajia mteja saa zake peke yake, tofauti itatoka mfukoni mwako.

Kisha kuna uzito. Usiridhike na kuuliza wako wangapi. Uliza kilo za kila abiria na za mizigo, na kama kuna jeneza, uliza urefu na upana wake, kwa maana mlango wa ndege hautanuki mkishafika uwanjani. Eldoret, ambako uwanja uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege huweza kulazimika kuondoka na mzigo mdogo kuliko ule ambao ingeruka nao Kisumu.

Kampuni usiiandikishe kwanza. Tafuta kazi kwenye dawati la safari la shirika la kukodisha ndege pale Wilson, hata kwa mshahara mdogo, ukae mwaka mmoja au miwili ukiona jinsi bei zinavyopigwa na safari zinavyovunjika dakika za mwisho. Kwa sasa, kila anayekuja kuulizia ndege nzima, andika njia aliyotaka, siku, idadi ya watu na mzigo, bila jina lake. Daftari hilo uende nalo siku ya kuomba kazi.