Swali la Lugha: Neno “aina” limefungwa lumbesa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri makala fupi ya sayansi kuhusu kitunguu cha porini kilichotambuliwa miaka ya karibuni katika milima ya Himalaya, nchini India. Nimeandika hivi: “Wanasayansi wa India wamegundua aina mpya ya spishi ya kitunguu pori ambayo ni jamii ya vitunguu na inafanana na kitunguu swaumu.” Mwenzangu anashikilia kwamba ningeandika kitunguu mwitu. Nani kati yetu yuko sahihi? Msomaji, Arusha.

Jibu: Marahaba. Ugomvi wako na mwenzako ni mdogo, na nitaumaliza haraka ili nifike kwenye lililonichoma. “Kitunguu pori” na “kitunguu mwitu” yote mawili ni Kiswahili kizuri, kama tunavyosema nguruwe pori na nguruwe mwitu bila nguruwe mwenyewe kulalamika. Mwenzako asilete tu ile hoja kwamba mwitu ni msitu, na kwa hiyo mmea wa kwenye nyasi haustahili jina hilo. Mbwa mwitu anawinda kwenye mbuga wazi tangu enzi na enzi, wala hakuna aliyemvua jina. Neno hilo likikaa nyuma ya nomino linasema tu kwamba kitu hicho hakikufugwa wala hakikupandwa. Chagueni moja, mlishike hadi mwisho wa makala, na mnunuliane soda.

Sasa tuje kwenye hiyo “aina mpya ya spishi ambayo ni jamii”. Sentensi yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Umeweka ndani yake aina, spishi na jamii, maneno matatu yanayogombea kiti kimoja, na umetaja vitunguu mara tatu bila msomaji kujua hatimaye ni kitunguu kipi kinachozungumzwa. Sikulaumu peke yako, kwa kuwa maradhi haya yameenea kwenye magazeti, redioni na hata katika vitabu ambavyo vilipaswa kuyatibu.

Wachuuzi wa vitunguu wana ufungaji wao uitwao lumbesa. Gunia likishajaa hadi mdomoni halishonwi. Linaongezewa kilemba cha vitunguu juu yake, kilemba kinazungushiwa wavu na kukazwa kwa kamba, kisha mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ndivyo tulivyolifanya neno “aina”. Mzigo wake halali ulikuwa mkubwa tayari: aina za nguo, aina za maneno katika sarufi, mtu wa aina yake, wali na mboga za kila aina. Huo linaubeba vizuri na sina neno nao. Tatizo ni kilemba. Juu ya mzigo huo tumelipachika spishi, yaani kundi la viumbe wa namna moja wanaozaana wao kwa wao, tukaongeza jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, tukaongeza familia, yaani kundi la jenasi zilizo karibu, na siku mwandishi anapochoka kufikiri hulipachika hata mmea mmoja mmoja, kisha tunashangaa kwa nini msomaji haelewi kilichogunduliwa ni nini.

Nilifanya jaribio. Nina jamaa yangu anayelima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, nikampigia simu na kumsomea sentensi yako kama ilivyo. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza maswali matatu, tena kwa mpangilio wa mtu anayejua kazi yake: mbegu zake zinauzwa wapi, heka moja inatoa gunia ngapi, na kikishavunwa kinakaa ghalani miezi mingapi kabla ya kuota. Nikamwambia hakuna mbegu, ni mmea wa porini wa huko Himalaya. Akasema, “Basi kwa nini wanasema aina mpya?” Naomba ulipime swali hilo kwa utulivu, kwa sababu aliyeuliza si mjinga wa lugha. Kwake aina ni Bombay Red, ni Red Creole, ni Mang'ola Red: vitunguu ambavyo mkono wa binadamu umevichagua msimu baada ya msimu kwa rangi, ukali, umbo na uwezo wa kukaa. Vyote hivyo, vikusanywe vingapi, ni spishi moja, Allium cepa, kitunguu maji cha jikoni kwako. Mtu akimwambia “aina mpya ya kitunguu”, anasikia kwamba ndani ya spishi hiyohiyo pamezaliwa mbegu nyingine. Yeye ndiye anayelitumia neno “aina” sawasawa. Ninyi wasomi ndio mnaompotosha, na mkimpotosha kwa namna hiyo siku ya pili ataagiza pakiti kutoka kwa tapeli.

Mmea wenyewe ni huu. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya India inayohifadhi rasilimali za kijenetiki za mimea waliukuta karibu na kijiji cha Malari, katika bonde la Niti, wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand, si mbali na mpaka wa Tibet. Unaota kati ya mita 3,000 na 4,800 juu ya usawa wa bahari, maana yake ule ulio juu kabisa unaishi juu kuliko kilele cha Meru unachokiona dirishani kwako, kwenye malisho ya wazi na kwenye mchanga wa kando ya vijito vinavyolishwa na theluji inayoyeyuka. Mwaka 2021 waliutangaza katika jarida la PhytoKeys kwa jina la Allium negianum. Unakaribiana sana kwa sura na Allium przewalskianum, spishi nyingine iliyokwisha kujulikana, na kazi kubwa ya andiko lao ilikuwa kuonyesha kwamba huu si ule: jinsi mmea unavyosimama, mwavuli wa maua, rangi na umbo la maua yenyewe, rangi ya ala ya jani, kisha ushahidi wa vinasaba. Mtu anayesumbuka kiasi hicho kuonyesha kwamba vitu viwili havifanani anastahili mfasiri ambaye hatavitumbukiza vyote katika neno moja.

Najua utaniuliza, kwani kila ninapolisema hili kuna anayeniuliza: mbona kazi yenyewe ya kupanga viumbe katika makundi tunaiita kuainisha, na kuainisha kumetoka kwenye aina? Kweli kabisa. Kuainisha ni kutenga na kuweka kila kitu mahali pake, na ndiyo sababu ngazi za kutengea zinahitaji majina tofauti. Rafu tano za duka zikiandikwa zote “bidhaa”, mwenye duka hajapanga kitu.

Ngazi zenyewe si ngumu. Spishi ni Allium negianum. Jenasi ni Allium, yenye takriban spishi 1,000, na humo ndimo mnamo kitunguu maji, kitunguu saumu na liki. Familia ni Amaryllidaceae. Angalia sasa faida ya kutenganisha: vitunguu vilikuwa zamani katika familia ya Liliaceae, baadaye vikapewa familia yao ya Alliaceae, na tangu mwaka 2009 wataalamu wengi wanavihesabu ndani ya Amaryllidaceae. Vimehamishwa familia mara mbili, na hakuna spishi iliyobadilika hata jani. Hebu jaribu kuisema habari hiyo kwa kutumia aina na jamii peke yake. Mimi nilijaribu, nikaishia na sentensi inayosema kwamba aina imehama jamii ikabaki aina ileile.

Kuna wanaoona kwamba spishi na jenasi ni maneno ya kigeni yanayokwaruza koo. Aina nayo tuliitoa kwa Waarabu, jamii tukaitoa hukohuko. Tena tulikwisha kuwa na “jinsi”, ambayo Waarabu waliipata kutoka genos ya Wagiriki, ndugu wa damu wa genus ya Kilatini iliyotuletea jenasi, na katika biolojia ya Kiarabu jins ndiyo jenasi mpaka leo. Kwa hiyo binamu tuliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege alikuwa na ndugu yake sebuleni kwetu miaka yote. Lakini jinsi tumekwisha kuipa kazi ya “namna”, na mwanawe jinsia ameajiriwa kwenye fomu za serikali, tusiwasumbue. Jenasi ibaki, spishi ibaki, na yote mawili yakae katika ngeli ya I-ZI: spishi hii mpya, spishi hizi mpya. Atakayeniandikia “maspishi” nitamrudishia barua yake bila stempu.

Hapo kwenye ngeli nikupe jambo litakalokufurahisha. Sehemu ya pili ya jina, negianum, imetoka kwa Kuldeep Singh Negi, mtafiti wa India aliyejulikana kwa kukusanya mimea ya jenasi hii. Kwa nini imeishia -um? Kwa sababu Allium katika Kilatini iko katika ngeli yake, na sifa inayoifuata lazima ikubaliane nayo, vilevile kama wewe usivyoweza kusema kitunguu “mpya” mbele ya bibi yako. Ndiyo maana kitunguu saumu ni Allium sativum ilhali mpunga ni Oryza sativa: sifa ni ileile, “kilichopandwa”, imebadili nguo kufuata mwenyeji. (Bangi nayo ni sativa, kwa anayetaka kujua, Kilatini hakibagui.) Katika sentensi yako ya Kiswahili, ukilitaja jina la Kilatini peke yake, lipe upatanisho wa spishi: “Allium negianum inaota”. Ukilitanguliza kitunguu, kitunguu ndicho kinachotawala: “kitunguu mwitu Allium negianum kinaota”. Sentensi yako ilianza na kitunguu pori ikaendelea na “ambayo” na “inafanana”, ikiwa imetekwa na aina. Hata upatanisho umelemewa na lile gunia.

“Jamii ya” sitaichinja leo, nimeizoea. Wanaosema simba ni mnyama wa jamii ya paka wameshinda, na katika mazungumzo ya kawaida nawaachia. Lakini kuandika kwamba kitunguu ni “jamii ya vitunguu” ni sawa na kuandika kwamba shangazi yako ni mtu wa ukoo wa shangazi yako. Sijui ulikusudia jenasi au familia, na nadhani hata wewe hujui, ndiyo maana ukalichukua neno lisilokuuliza.

Usije pia ukajitetea kwamba tofauti hizi hazina uzito nje ya maabara. Mtume mtoto dukani akanunue kilo ya vitunguu kwa ajili ya pilau, naye arudi na kilo ya kitunguu saumu, akujibu kwamba hiyo ni aina ya kitunguu. Utamwambia nini? Kwa kipimo cha sentensi yako mtoto hana kosa, na wageni wako watakula pilau hiyo.

Kuhusu “wamegundua” nitasema kidogo. Watu wa bonde la Niti walikuwa wakiuchuma mmea huu, wakiukausha na kuutia kwenye vyakula muda mrefu kabla ya jarida lolote. Viungo vya namna hiyo huko huitwa jambu au phran, na vya Niti husifiwa sokoni. Walichofanya watafiti ni kuutambua kuwa spishi ya peke yake, kuueleza na kuupa jina. Kiswahili kina vitenzi vyote vitatu, havilipiwi ushuru. Nimeandika “kuueleza”, si “kuuelezea”. Lakini huo ni ugomvi wa wiki nyingine.

Basi andika hivi: “Watafiti wa India wametambua na kueleza spishi mpya ya kitunguu mwitu, Allium negianum, iliyo katika jenasi moja na kitunguu maji na kitunguu saumu.” Aina haimo, na sentensi haijapungukiwa kitu. Ukitaka “kitunguu pori” weka, nimeshasema.

Ile “swaumu” yako nimeifuta bila kukuuliza. Saumu ya Ramadhani kwa Kiarabu inaanza na herufi swadi, na anayetaka kuiandika swaumu ana pa kushika. Jina la kitunguu hiki limetokana na thum ya Kiarabu, inayoanza na herufi nyingine kabisa, ambayo vinywani mwetu hugeuka s mara nyingi, kama thumuni ilivyogeuka sumuni. Wanyarwanda walikichukua kwetu wakakiita tungurusumu, na sijasikia mtu akidai kwamba wanakula sumu. Zanzibar wanasema thomu, na ukiona saumu inakuvuta kwenye futari, andika thomu.