Jibu: Kondoo wa Kimaasai au Dorper hapo Ruai?

Ndugu, umeuliza kama uuze kondoo wako wekundu wa Kimaasai ununue Dorper, kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, kwa kuwa wanakondoo wanakua polepole. Usiuze majike. Ni kweli Dorper hunenepa upesi na huwa mzito zaidi, lakini minyoo wanaofyonza damu tumboni humwangusha haraka. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao makuu hapa Nairobi, waliwalinganisha huko Diani, pwani kwenye unyevu mwingi, na wanakondoo wa Kimaasai waliokufa walikuwa wachache zaidi.

Mvua za Aprili zikishika, vuta kope la chini la kila kondoo. Ukiona weupe badala ya wekundu, damu imepungua, mpe dawa ya minyoo. Mimba ni takriban siku 150 na mara nyingi huzaa mmoja, kwa hiyo mlishe jike vizuri wiki 6 za mwisho. Maziwa yake ndiyo yanayoamua uzito wa mwanakondoo anapoachishwa ziwa.

Ukitaka wakubwa wa kuuza, pandisha baadhi kwa dume la Dorper. Lakini tafadhali sana, bakiza kundi safi la Kimaasai. Mbegu hii inapotea kwa kuchanganywa ovyo, na dume safi siku hizi ni kazi kumpata.