Inveta ikizima stima ikipotea, iache izime

Usimlipe huyo fundi! Umesema uko Kasarani, inveta yako ya kilowati 5 (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli za sola uwe wa kutumia nyumbani) imeunganishwa na gridi, yaani waya za stima za mtaani, stima ikipotea nayo inazima hata jua likiwa utosini. Umeuliza ununue betri gani, halafu ukataja kama jambo dogo kwamba kuna fundi anataka shilingi 4,000 ili "aifungue", isizime tena. Yangu ilifunguliwa. Nikimkumbuka yule mtu bado napandwa na hasira.

Alichofanya ni kuingia na nenosiri lake, akapanua mipaka ya volti na masafa (idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde), kisha akazima kinga ya kisiwa. Kisiwa ni pale gridi imekatika lakini paneli zako zinaendelea kulisha waya zilizobaki. Inveta isiyochezewa haikai ikingoja volti zishuke, maana matumizi yakilingana na kinachotoka kwenye paneli, volti hazisemi kitu. Inasukuma kidogo yale masafa ya hezi 50. Gridi ikiwepo, ni kama kusukuma lori la kabichi pale sokoni Marikiti, halitikisiki. Gridi ikiondoka, imeshika mkokoteni mtupu: masafa yanakimbia, inveta inajua imebaki peke yake, inazima. IEEE 1547, kiwango cha kiufundi cha vifaa vinavyolisha gridi, kinaipa sekunde 2.

Yangu haikuzima. Fyuzi ya nguzoni iliungua saa saba mchana, tukabaki mimi na jirani kwenye waya mmoja, taa zinawaka, nikaona nimepata fundi wa maana. Pampu ya jirani ilipojizima, umeme ukakosa pa kwenda, volti zikaruka. Friji mbili na televisheni zikaungua, na za jirani nililipa mimi. Fundi akaniambia eti ni gridi iliyorudi kwa nguvu. Nikamwamini!

Wiki tatu baadaye stima ikapotea tena. Kijana wa laini alikuwa ameshapanda nguzo. Kwa bahati alipima kabla ya kushika, akakuta waya unaotoka kwangu una umeme. Aliteremka akitetemeka, akauliza ni nyumba gani ina sola. Sikuweza kumjibu mara moja. Ana watoto wawili, aliniambia. Na transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 240 inaweza pia kupandisha 240 kurudi 11,000, kwa hiyo hata walio mbali na nyumba yako hawako salama.

Ukitaka taa stima ikipotea, weka inveta ya haibridi, inayotumia gridi na betri pia, yenye rilei (swichi inayojiendesha) inayoitenga nyumba na gridi kwanza, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Kuzima kinga si njia, na asikudanganye mtu.

Kama ameshaigusa, arudishe mipangilio leo, ukiwa umesimama hapo. Kisha mchana wa jua kali zima swichi kuu na uhesabu sekunde. Ukifika tatu na taa bado inawaka, zima inveta kwa mkono na usiiwashe tena mpaka irekebishwe.