Mafuta au maji? Kwa anayeanza kunoa kwa kinoo

Kila kijana anayekuja kujifunza kunoa huanza na swali lile lile: fundi, nitie mafuta gani? Swali zuri, ila limeruka hatua. Uliza kwanza kinoo chako ni cha aina gani na kimekwisha kutiwa nini, kisha kisu kinakwenda kukata nini. Ukiyajua hayo, cha kutia kitakuwa wazi.

Ujue pia kazi ya mafuta hayo. Wengi hudhani ni ya kutelezesha kisu, au ya kuzuia chuma kisipate moto. Kwa mkono hakuna moto wa kudhuru kisu, hata ukinoa mpaka adhuhuri. Moto ni shida ya jiwe la umeme: huko utaona ncha ikigeuka manjano, kisha buluu, na ikifika buluu chuma kimeshalegea, hakishiki makali tena. Huko unachovya kisu kwenye maji kila mara, wala hutii mafuta. Kwenye kinoo cha mkono, kazi kubwa ya mafuta au maji ni kubeba chenga za chuma zisizame kwenye vitundu vya jiwe. Vitundu vikijaa, punje za jiwe hazikigusi tena chuma, unasugua tu.

Jionee mwenyewe. Tia matone mawili matatu ya mafuta mepesi upande mmoja wa kinoo kikavu, upitishe kisu kama mara kumi. Mafuta yataanza angavu, yatageuka kijivu, kisha meusi. Weusi ule ni chuma cha kisu chako. Ukipitisha kitambaa unatoka wote, jiwe likabaki na rangi yake. Geuza kinoo, fanya vivyo hivyo pakavu. Utaona vijistari vya kung'aa vimelala juu ya jiwe, na kidole hakivitoi. Vikizidi, kinoo kinakuwa kama sahani ya udongo, na kisu kinapiga kelele bila kuliwa.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu chepesi. Kikiwa kizito, kisu kinaelea juu yake hakifiki kwenye jiwe. Na hata chepesi kikimwagwa kwa wingi huleta yale yale.

Mimi hupendekeza mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, yapo kila duka la vifaa vya kushonea, na kichupa kidogo kinakaa muda mrefu. Yakionekana mazito kidogo, yapunguze kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa peke yake pia hufanya kazi, hasa kwenye upande laini wa kinoo, ila yananuka, yanakausha ngozi ya vidole na yanaruka upesi kwa joto letu. Kwa visu vya jikoni kuna kitu bora zaidi: yale mafuta yasiyo na rangi wala harufu yanayouzwa duka la dawa kwa mtu aliyefunga choo, parafini ya maji. Yanaweza kunywewa, sembuse kubaki kidogo kwenye kisu cha kukatia nyanya. Ni mazito kiasi, basi tia tone moja tu. Ukienda kununua, eleza vizuri usije ukapewa mafuta ya taa.

Oili chafu ya gari usiiguse. Najua gereji nyingi wanaitumia kwa kuwa ni ya bure. Ni nzito, na imekwisha jaa masizi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, kwa hiyo weusi wake hauwezi kukwambia lolote kuhusu kazi yako. Na kisu kile kesho kinakata mkate.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayoua vinoo vingi zaidi, kwa sababu yapo karibu na mkono. Ya alizeti na ya mahindi yakikaa hewani hunata, kisha hukauka yakawa kama vanishi. Pitisha kidole ubavuni mwa chupa ya mafuta jikoni kwako, ule unato ndio unaouziba kinoo. Mafuta ya nazi ni afadhali, hayanati upesi hivyo, na kwa joto la Mombasa hubaki maji maji. Lakini huchacha, na ukisafiri nayo bara wakati wa baridi utayakuta yameganda meupe, kwani huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Siku moja umekwama, yatumie, kisha uoshe kinoo.

Sasa jiwe lenyewe. Kinoo cha kawaida madukani ni kile chenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza, mwingine laini, na mara nyingi ni cha karborundo, punje ngumu za kutengenezwa, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipata kwenye tanuri la umeme akaiandikia hataza mwaka 1893. Hiki hakichagui, kitapokea maji au mafuta. Ila chagua siku ya kwanza, maana kikishanywa mafuta, maji yatajikunja vidonge vidonge juu yake yasiingie. Umenunua cha mtumba na hujui historia yake? Kilaze juu ya gazeti kwenye jua kali la mchana. Kama kilishakunywa mafuta, kitayatoa kama jasho na gazeti litaonyesha doa.

Vinoo vya maji vya Kijapani, ambavyo utavikuta kwa wapishi wa mahoteli, havitaki mafuta kabisa. Vingine huloweshwa kwanza, kama robo saa, mpaka viache kutoa mapovu. Tope linalojitokeza juu yake usilisafishe kila dakika, lile ndilo linalonoa. Vikauke kivulini, jua la hapa hupasua. Bamba la almasi, lile la chuma lililopakwa punje za almasi, nalo litie maji yenye tone la sabuni, usikandamize, na lifute kabla hujaliweka.

Ukichagua maji, chagua pia maji yenyewe. Visima vingi vya hapa kisiwani Mombasa hutoa maji ya chumvi, na chumvi ndiyo inayoita kutu mbio. Tumia maji matamu, ya mfereji au ya mkokoteni, na ukimaliza suuza kisu, kikaushe kabisa, kipake mafuta kidogo sana. Kisu cha chuma cheusi kisicho cha pua, ukikiacha na unyevu usiku mmoja hapa pwani, asubuhi unakuta madoa ya rangi ya chungwa, na hushambulia makali kwanza kwa kuwa ndipo chuma kilipo chembamba. (Mate ni maji pia, na wazee wengi wametemea vinoo maisha yao yote. Mbele ya mteja mwenye mkahawa, usifanye.)

Wiki ya Idi ya kuchinja ndiyo utakayojua faida ya kutenganisha vinoo. Visu vinakuja kwa mafungu, na mwenye kisu cha kuchinjia ana haki ya kukuuliza umetia nini. Jibu liwe rahisi: maji safi, au mafuta yasiyo na shahamu ya mnyama. Ukiwa na kinoo kimoja kinachopokea visu vya bucha, patasi za seremala na kila kilichotoka gereji, jibu hilo huna. Na kama umeitwa nyumbani kwa mtu, nolea mbali na pale mnyama alipofungwa.

Panga la muuza madafu halihitaji lolote kati ya haya. Ni chuma laini, tupa inatosha, na tupa hutumika kavu. Ukiipaka mafuta itateleza tu. Wala usihangaike na jiwe la matumbawe eti kwa sababu limejaa Mji wa Kale. Ni chokaa, laini kuliko chuma. Ngazi ya saruji itanoa vizuri zaidi kwa sababu ya mchanga uliomo, ingawa kisu kizuri sitakipeleka huko.

Kinoo kilichoziba kisitupwe. Kifanyie kazi nje, mbali na jiko: kimwagie mafuta ya taa, kisugue kwa burashi ngumu, kiache kidogo, rudia mpaka mafuta yasitoke meusi, kisha kioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kikibaki kinang'aa, kisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo, mpaka uso urudi kukwaruza. Mafuta ya taa yaliyobaki yaandike jina na uyaweke juu, kamwe si kwenye chupa ya soda. Watoto huyanywa wakidhani ni maji.